Talaka ya Houston, ndoa ya bomani Mwanza: hati iko kwa nani?

Swali: Shikamoo dada. Nilifunga ndoa Dar es Salaam mwaka 2006, na mwaka 2008 nikamfuata mume wangu Houston, Texas. Mwaka 2013 tuliachana. Yeye ndiye aliyekwenda mahakamani. Mimi niliona tu mtu amekuja mlangoni akanikabidhi bahasha, nikaisoma, nikalia, nikaiweka kabatini. Miezi ikapita, akanipigia simu akasema "imeshatoka". Karatasi yenyewe sijawahi kuiona. Nikahamia Minnesota, na mwaka jana nimerudi nyumbani Mwanza. Sasa nimempata mwenzangu, tunataka ndoa ya bomani, lakini msajili anasema bila hati ya talaka hatapokea hata taarifa ya kusudio la ndoa. Sina namba ya kesi, na mume wa zamani hatusemezani. Je, naweza kuipata nikiwa huku? Lazima yeye akubali? Nianzie ubalozini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ubalozini usianzie. Ubalozi wa Marekani hapa nchini hautunzi talaka za mtu yeyote, na ubalozi wetu ulioko Washington utaingia kwenye safari hii mwishoni kabisa, kugonga muhuri wake juu ya mihuri ya wengine. Wala usitafute Minnesota. Hati ya talaka haihami pamoja na mtu.

Marekani haina daftari moja la talaka la nchi nzima. Mahakama za shirikisho hazitoi talaka, kwa hiyo ile tovuti ya PACER ambayo watu hupenda kuelekezana kwenye magrupu ya WhatsApp haitakusaidia. Humo utakuta kesi za kufilisika na mashauri mengine ya shirikisho. Talaka hutolewa na mahakama ya jimbo inayokaa kwenye kaunti, na jalada hubaki kwa karani wa mahakama ile ile, hata kama mume amehama, mke amehama, jaji amestaafu na wakili amefunga ofisi. Kazi yako ya kwanza ni kujua jengo. Ukishalijua, yaliyobaki ni ada na stempu.

Na hapo ndipo neno "Houston" linapotuangusha. Houston ni jiji, si kaunti. Texas ina kaunti 254, na jiji la Houston peke yake limekanyaga zaidi ya moja: sehemu kubwa iko Harris, lakini linaingia Fort Bend na Montgomery. Halafu kuna miji ya pembeni ambayo mtu akiishi huko, akipiga simu nyumbani husema "niko Houston" ili asiulizwe maswali mengi. Kama mlikuwa Sugar Land, hiyo ni Fort Bend, na makao yake makuu ni mji wa Richmond. The Woodlands kwa sehemu kubwa ni Montgomery, makao makuu Conroe. Katy ndiyo kiboko: imekalia kaunti tatu, Harris, Fort Bend na Waller, kiasi kwamba jirani wa barabara ya pili anaweza kuwa na karani tofauti na wako. Chukua anwani yako ya mwaka 2013 uitafute kwenye ramani yenye mipaka ya kaunti. Usiamini jina la mji lililoandikwa kwenye bahasha za barua, kwa sababu posta yao haigawi maeneo kwa kufuata mipaka ya kaunti.

Hata anwani yako ikikupa jibu, usifunge mlango. Sheria ya familia ya Texas inataka mmoja wa wanandoa awe ameishi jimboni miezi 6 na kwenye kaunti ile siku 90 kabla ya kufungua shauri. Mmoja, si wote wawili. Kwa hiyo jiulize swali ambalo pengine hulipendi: alipotoka nyumbani, alikwenda kulala kwa nani? Kama alihamia kwa rafiki yake Conroe, akakaa miezi minne, basi aliruhusiwa kufungua shauri Montgomery wakati wewe ukipika chai Harris. Nimeona watu wakitafuta kwenye kaunti yao mwaka mzima, kumbe jalada liko kaunti ya jirani, mwendo wa dakika arobaini kwa gari.

Sasa karani yupi? Texas ina makarani wawili kwenye kila kaunti kubwa, na majina yao yanafanana kama mapacha. Karani wa Kaunti ndiye hutoa leseni za ndoa na kutunza hati za ardhi. Talaka anazo Karani wa Mahakama za Wilaya, ambaye kwa Kiingereza huitwa "District Clerk". Ukimwandikia wa kwanza, atakujibu kwa upole kwamba hana kitu, nawe utaelewa kwamba talaka haipo. Na usilitafsiri neno hilo "wilaya" kwa akili ya huku, ukawaza Mahakama ya Wilaya ya Nyamagana. Mahakama ya wilaya ya Texas ndiyo yenye mamlaka makubwa kabisa ya kusikiliza shauri kwa mara ya kwanza. Harris wana kadhaa zinazoshughulika na familia tu, nazo huitwa kwa namba: ya 245, ya 246, ya 247, ya 308 na kuendelea. Namba hiyo utaiona kwenye ukurasa wa kwanza wa hukumu, na kama bado unayo ile bahasha, utaiona pia humo.

Nasema hivyo kwa sababu watu hutupa bahasha wakabaki na hasira. Kama umeiacha kwa shoga yako Minnesota, mpigie leo hii. Ukurasa wa juu una namba ya kesi, jina la kaunti na namba ya mahakama, vitu vitatu vinavyofuta nusu ya barua hii. Kesi za Harris za miaka hiyo huanza na mwaka, kisha kistari, kisha tarakimu: 2013-, na kadhalika. Za Fort Bend huanza na tarakimu mbili za mwaka na herufi DCV. Ukikumbuka hata umbo la namba tu, tayari umejua uelekee wapi.

Bahasha ikikosekana, utatafuta kwa majina. Makarani wa kaunti kubwa wana tovuti za kutafutia kesi, na unaweza kufanya hivyo ukiwa Mwanza kwa simu yako. Kuna pia tovuti ya jimbo iitwayo re:SearchTX inayokusanya kesi za kaunti mbalimbali, ila yako ni ya 2013, na ulazima wa kufungua mashauri ya madai kielektroniki ulianza Januari 2014 kwenye kaunti kubwa. Usipoiona humo, usidhani haipo. Rudi kwenye tovuti ya karani mwenyewe.

Majina ndiyo yanayotesa watu wetu. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mmarekani anachukua la mwisho analiita la ukoo, la katikati analifanya herufi moja yenye nukta, na wakati mwingine analimeza kabisa. Kisha kuna aliyechapa: Mwanaidi akawa Mwanadi, Nyamhanga akawa Nyamanga, Ng'wandu ikapoteza ritifaa yake na herufi moja zaidi. Kwa hiyo usiandike majina yako matatu kamili ukategemea kompyuta ikuelewe. Anza na jina la mwisho la mume peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua, na weka mwaka 2013 pamoja na 2014. Likikataa, weka herufi nne au tano za mwanzo tu. Kisha jaribu lako. Kisha jaribu wewe kwa jina lake la ukoo, hata kama hukulitumia maishani, kwa sababu kuna mawakili wanaomwandikia kila mke jina la mumewe bila kuuliza. Mwishowe jaribu kugeuza: jina lako la kwanza liwe la ukoo. Kesi za talaka za Texas hupewa kichwa cha "In the Matter of the Marriage of", yaani katika shauri la ndoa ya fulani na fulani. Ukiona kichwa hicho na majina yanayofanana na yenu, fungua hapo.

Usimlipe mtu wa kati. Mtandaoni zimejaa tovuti zinazojinadi kwamba zina talaka zote za Marekani, zinakuomba kadi ya benki, kisha zinakupa ukurasa wenye jina lako na umri wako, vitu ambavyo ulikuwa unavijua. Hakuna hata moja inayoweza kukupa karatasi yenye muhuri wa karani.

Ukiipata kesi, usikimbilie kushangilia. Soma matukio yake mpaka mstari wa mwisho. Naomba hapa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona machozi mengi kuliko kwenye talaka yenyewe.

Kufungua shauri si kuachwa. Kupokea bahasha si kuachwa. Kuambiwa kwa simu "imeshatoka" si kuachwa. Texas inaweka siku 60 za kusubiri tangu siku shauri lilipofunguliwa, isipokuwa penye ukatili wa kifamilia, ndipo jaji aruhusiwe kutoa talaka. Katika siku hizo, na baada yake, mengi hutokea. Wengine hurudiana. Wengine huishiwa hela ya wakili. Wengine husahau kwenda kumaliza, na mahakama inalifuta shauri kwa sababu hakuna anayelifuatilia. Kwenye tovuti utaona maneno "Dismissed for Want of Prosecution", au DWOP kwa kifupi. Au utaona "Nonsuit", maana yake aliyefungua ameliondoa mwenyewe. Kote kuwili, kwa sheria bado mko kwenye ndoa, hata kama kila mmoja ana maisha yake na hamjaonana miaka kumi.

Unachokitafuta wewe ni mstari unaosema "Final Decree of Divorce", wenye tarehe jaji aliyosaini. Hiyo ndiyo hukumu ya talaka. Piga hesabu: kama shauri lilifunguliwa Mei 2013 na hukumu ni ya Agosti au baadaye, inaingia akilini. Kama tarehe mbili zimeachana wiki mbili tu, huenda unasoma amri nyingine, kwa mfano ya muda kuhusu watoto au nyumba.

Na usiogope ukiona umeachwa bila wewe kuwapo. Mtu aliyekabidhiwa karatasi Texas hupewa muda wa kujibu mpaka saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Ndivyo kanuni yao inavyosema, Jumatatu na saa imo. Asipojibu, jaji anaweza kuendelea na upande mmoja, na hukumu inayotoka ni hukumu kamili. Ulivyoeleza ile bahasha ya kabatini, nadhani ndiyo njia yako ilivyokuwa. Hukumu ya namna hiyo inaumiza, kwa sababu hukusikilizwa, lakini mbele ya msajili ina nguvu ileile ya hukumu nyingine.

Kama umezunguka kaunti zote na hujaona kitu, kuna mlango wa pembeni. Idara ya Afya ya jimbo la Texas, kupitia kitengo chake cha takwimu za uhai kilichoko Austin, ina faharasa ya talaka kuanzia mwaka 1968, kwa sababu makarani huwapelekea taarifa. Kwa dola 20 watakuandikia barua ya uthibitisho inayotaja majina, tarehe na kaunti. Barua hiyo si hukumu, na wenyewe wanasema hawatoi nakala ya hukumu. Lakini inakutajia kaunti, na kaunti ndiyo uliyokuwa huijui. Ichukulie kama dira, usimpelekee msajili.

Swali lako la mume kukubali: hapana, hahitajiki. Hukumu za talaka za Texas kwa kawaida ni kumbukumbu za umma. Yeyote anaweza kuomba nakala, awe mke, mume, shangazi au mtu baki, isipokuwa jalada ambalo jaji ameamuru lifungwe. Karani hampigii simu mume kumwambia kwamba mkeo wa zamani anaulizia. Texas ni rahisi kwa hilo. Kwa faida ya wasomaji wengine, New York ni kinyume: jalada la talaka limefungwa kwa miaka 100 kwa watu wote isipokuwa wahusika na mawakili wao, na huko talaka hutolewa na mahakama iitwayo "Supreme Court", ambayo licha ya jina lake ndiyo mahakama ya chini inayosikiliza mashauri, majalada yakitunzwa na Karani wa Kaunti. Yaani yule yule ambaye Texas nimekwambia usimwandikie. Pennsylvania ukitafuta karani wa talaka utaambiwa umwone "Prothonotary", na California utaenda Mahakama ya Juu ya kaunti. Mlioachana majimbo mengine, msiige barua hii neno kwa neno. Igeni maswali yake: kaunti gani, karani yupi, nani anaruhusiwa.

Turudi kwako. Ukishapata namba ya kesi, mwandikie karani barua fupi. Barua za watu wetu huanza na hali ya hewa na kuishia na maombi. Karani hana muda huo. Mpe majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye kesi, namba ya kesi, namba ya mahakama, tarehe ya hukumu, na useme unataka nakala ngapi za "Final Decree of Divorce" zilizothibitishwa, neno la Kiingereza likiwa "certified". Neno hilo ukilisahau, utatumiwa fotokopi, na fotokopi haifiki popote. Kama namba ya kesi huna kabisa, weka majina, tarehe zenu za kuzaliwa na miaka ya kutafuta, kuanzia 2012 hadi 2014. Kuna ada ndogo ya kutafuta inayoongezeka.

Ada za nakala huhesabiwa kwa kurasa. Talaka isiyo na watoto wala mali inaweza kuwa kurasa kumi. Ikiwa na watoto, nyumba, magari na akaunti za kustaafu, inaweza kufika thelathini au arobaini, na hapo dola zinajikusanya. Uliza kwanza hesabu ya kurasa, ndipo ulipe. Cheki ya benki ya huku hawataipokea. Kadi kwa njia ya mtandao inafanya kazi kwenye kaunti kubwa, lakini njia ninayoipenda mimi ni kumtumia mtu: ndugu, rafiki, hata muumini mwenzako wa zamani aliyeko Houston. Aende dirishani na namba ya kesi mkononi, alipe, atoke na karatasi. Hahitaji barua yako ya idhini, kwa kuwa ni kumbukumbu ya umma. Na atakusaidia zaidi kwa hatua zinazofuata, ambazo zote ziko Marekani. Ukiitisha karatasi moja kwa moja Mwanza, itabidi irudi tena ilikotoka.

Aombe nakala mbili za hukumu, na moja ya maombi ya kwanza ya talaka, yale mume aliyofungulia shauri. Sababu ya hayo maombi nitaisema baadaye.

Msajili wako anaweza kukwambia, "Nataka original." Mweleze kwa adabu kwamba asilia yenye saini ya jaji haitoki masijala, si Texas, si Mwanza. Kinachotoka ni nakala yenye maneno ya karani kwamba ni sawa na iliyomo jaladani, saini yake, tarehe na muhuri wa mahakama. Hiyo ndiyo inayotumika kama asilia kila mahali. Pia anaweza kuwa anasubiri karatasi moja kama cheti cha talaka cha RITA, wakala wa usajili wa hapa Tanzania. Texas hawana kitu hicho kwenye hukumu zao. Kilichopo ni kitabu chembamba cha kurasa zilizobanwa pini kwenye kona, na humo ndani jaji ameandika yote, kuanzia kuvunjika kwa ndoa hadi nani anachukua friji.

Na hiyo pini usiitoe! Mtu anataka kuskani vizuri, anaibandua, anaibana upya. Mashimo mawili yanaonekana, na ofisi inayofuata inaikataa kwa kuwa haina uhakika kama kurasa zimebadilishwa. Ikunje kona, uskani hivyo hivyo.

Nakala ikishapatikana, lazima ithibitishwe kwa ajili ya nje ya nchi. Nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, kwa mfano Burundi, Rwanda na Oman, hupokea cheti kimoja kiitwacho apostili, na safari inaishia hapo. Kwa karatasi zinazokuja Tanzania njia niliyoizoea ni ile ndefu: kwanza ofisi ya Katibu wa Jimbo la Texas, Austin, ambayo inathibitisha kwamba aliyesaini ni karani kweli, kwa dola 15 kila hati. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ofisi ya uthibitishaji, dola 20 kila hati. Kisha ubalozi wa Tanzania Washington. Kila kituo kinathibitisha saini ya kituo kilichotangulia tu. Hakuna anayeisoma talaka yako. Mpangilio ukiuvuruga, kwa mfano ukipeleka ubalozini kabla ya Austin, inarudishwa. Kwenye fomu andika wazi kwamba hati inakwenda Tanzania, kwa sababu aina ya cheti inategemea nchi inakokwenda. Tuma nakala moja tu kwenye mzunguko huo, ya pili ibaki kwa huyo ndugu yako. Barua hupotea.

Baadhi ya wasajili hupokea nakala yenye muhuri wa karani bila mzunguko wote huo. Muulize wako mapema, aseme anataka kiwango gani cha uthibitisho, na umwombe aandike. Kama ana uzoefu na hati za nje, unaweza kuokoa wiki kadhaa.

Sasa yale maombi ya kwanza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 91, inatambua talaka iliyotolewa na mahakama ya nje yenye mamlaka, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba mmoja wa wanandoa awe na makazi ya kudumu katika nchi ile au awe ameishi huko kwa kawaida angalau miaka miwili kabla ya shauri kufunguliwa. Umeona tofauti? Texas inaridhika na miezi 6. Sisi tunaangalia miaka miwili. Mtu aliyefika Dallas Januari na kufungua talaka Agosti amepata hukumu halali ya Texas ambayo huku inaweza kuhojiwa. Wewe umefika 2008, shauri ni la 2013, na mume alikutangulia. Hapo huna shida. Lakini ushahidi wa hilo haumo kwenye hukumu, ambayo husema tu kwamba masharti ya makazi ya Texas yametimia. Tarehe ya kufungua shauri imo kwenye maombi, na miaka yako ya kuishi imo kwenye pasipoti, kodi na mikataba ya nyumba. Viweke pamoja kwenye faili moja. Msajili wa bomani huenda asiulize lolote kati ya hayo. Wanaouliza ni ndugu wa marehemu, miaka ishirini baadaye, mirathi ikifunguliwa na mtu akasimama kusema kwamba mjane huyu hakuwahi kuachika na yule wa kwanza.

Kuhusu muda wa bomani: taarifa ya kusudio la ndoa inatakiwa itolewe angalau siku 21 kabla ya siku ya kufunga. Usipange tarehe ya sherehe kwa kuhesabu siku hizo peke yake. Hesabu kuanzia siku hati itakapotua mkononi mwako.

Kwa Waislamu wanaosoma hapa, neno moja. Talaka iliyotamkwa na mume sebuleni au kuandikwa na sheikh wa msikiti wa Houston haimo kwa karani yeyote wa kaunti, na kwa macho ya Texas haijavunja ndoa. Msiitafute huko.

Nimalizie na lile ninaloliogopa kwako, kwa sababu hujaiona karatasi kwa macho yako. Ikiwa kesi imefutwa na hakuna hukumu, basi ndoa ya 2006 bado ipo, na sheria yetu hairuhusu mwanamke aliye kwenye ndoa kufunga nyingine. Usijaribu kumshawishi msajili kwa ushahidi wa miaka mliyotengana. Utafungua shauri lako mwenyewe hapa Mwanza. Kwa kawaida sheria inataka kwanza mpitie baraza la usuluhishi wa ndoa, lakini kifungu cha 101 kina misamaha, na mmojawapo ni pale ambapo mume anaishi nje ya Tanzania na haielekei kwamba ataingia nchini ndani ya miezi 6. Wakili atakuuliza una uthibitisho gani kwamba yuko nje. Ukurasa wa kesi ile iliyofutwa, ulioutafuta kwa ajili ya jambo jingine kabisa, huenda ukawa na anwani yake ya Texas ya wakati ule.